Farasi wa Barabara ya Woodward

Mjini Detroit, katika jimbo la Michigan, iko barabara inayoitwa Woodward Avenue. Inaanzia karibu na mto, mahali ambapo ukitazama ng'ambo unaiona Kanada, kisha inaelekea kaskazini-magharibi kwa kilomita 43 hivi hadi mji wa Pontiac. Njia zinazoikata zimepewa majina ya umbali: Eight Mile, Nine Mile, Ten Mile, na kuendelea, kwa hiyo mtu akikuelekeza kwake hakutajii msikiti wala mwembe, anakutajia namba. Wenyeji hawachoki kumwambia mgeni kwamba maili moja ya barabara hii ndiyo ya kwanza nchini Marekani kumwagwa zege, mwaka 1909.

Jumamosi ya tatu ya Agosti, kwa desturi iliyoanza mwaka 1995, magari ya zamani huitawala Woodward kutwa nzima. Watu huja na viti vya kukunja, maboksi ya barafu na watoto wao, wakajipanga kwenye nyasi za kando ya barabara tangu asubuhi. Magari yanapita taratibu, yanafika kule mbele, yanageuza, yanarudi. Hakuna anayekwenda popote. Mgeni anaweza kukaa akingoja kitu kianze, kumbe kupita kwenyewe ndiyo shughuli.

Wasiopita wameegesha kwenye viwanja vya maduka, boneti wazi. Mwenye gari hukaa nyuma yake kwenye kiti, kitambaa cha kufutia begani, akisubiri mtu ainame kutazama injini. Ukiinama tu anasimama, na kabla ya kukuambia jina lake anakutajia namba mbili: ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, na idadi ya farasi. "Four fifty-four," aliniambia mzee mmoja aliyevaa kofia ya veterani wa jeshi, "four fifty." Gari lake lilikuwa Chevrolet Chevelle SS ya mwaka 1970, nyekundu, yenye milia miwili myeusi juu ya boneti. Inchi 454 za ujazo ni lita 7.4. Farasi 450.

Kwetu mtu akikuonyesha gari lake hutaja cc. IST ya cc 1300, Mark X ya cc 2500. Sababu yake ni bandarini: ushuru wa gari hupanda kwa kufuata cc, na ukishalitoa bandarini huanza ushuru mwingine wa kituo cha mafuta usio na mwisho. Sijawahi kusikia Dar es Salaam mtu akiulizwa gari lake lina farasi wangapi. Mwenye IST ukimuuliza hivyo atadhani unamdhihaki. Swali letu ni moja, na huulizwa hata na asiye na nia ya kununua: inakula vipi?

Nikamuuliza mzee wa Chevelle swali hilo. Alicheka mpaka mkewe akageuka. Akasema akikanyaga kwa adabu galoni moja humpa maili 10, na kwamba mwaka 1970 hakuna kijana aliyemuuliza muuzaji swali kama lile. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ndogo kuliko ile ya Kiingereza ambayo wazee wetu waliizoea kwenye vitabu vya Land Rover. Maili 10 kwa galoni ni kilomita nne na robo kwa lita. Kutoka Dar hadi Morogoro, mwendo wa kilomita 190 na ushei, Chevelle ingekunywa lita zipatazo 45. IST ingekwenda na kurudi kwa chini ya hizo.

Kuna harufu moja iliyotanda juu ya Woodward siku ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto: petroli mbichi, isiyoungua yote, inayotoka kwenye ekzosi pamoja na moshi. Ndiyo iliyokuwa harufu ya stendi za zamani kwetu, enzi za Peugeot 404 na Bedford. Magari haya yana kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kwa kunyonya tu, bila kujua injini imepoa au imechemka, iko pwani au iko mlimani. Mzee aliirekebisha yake mbele yangu kwa bisibisi, sikio ameliinamisha, akigeuza skrubu robo duara, anasikiliza, anarudisha kidogo. Fundi yeyote wa Gerezani, kule Dar es Salaam, aliyevuka miaka 50 angeweza kukaa pale akamsaidia, na wasingehitaji mkalimani.

Injini ile ilibana mchanganyiko wake mara 11 na robo kabla ya cheche, na kwa mbano wa namna hiyo petroli ya kawaida huripuka kabla ya wakati wake. Dawa iliyotumika ilikuwa risasi, yale madini yenye sumu. Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, ndiye aliyegundua mwaka 1921 kwamba risasi ikitiwa kwenye petroli injini huacha kugonga. Dunia nzima ikaivuta pumzi hiyo kwa miongo mingi. Marekani iliipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo farasi wa Chevelle walilishwa chakula ambacho leo hakiuzwi kituoni.

Tena farasi wenyewe hawakuwa 450. Hili wapenzi wa magari hulisema wao wenyewe, kwa sauti ya chini kidogo. Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa imefungwa juu ya meza ya majaribio, bila kisafisha hewa, bila ekzosi yake ya kawaida, bila alteneta ya kuizungusha. Ni kama kupima samaki kabla ya kumtoa utumbo. Kuanzia magari ya 1972 wakaanza kupima injini ikiwa na vyote vinavyoizonga ndani ya gari, na namba zikaporomoka. Mfano wa wazi ni Cadillac Eldorado. Mwaka 1970 injini yake ya lita 8.2, kubwa kupita kiasi, ilitangazwa kuwa na farasi 400. Mwaka 1971 wakapunguza mbano ili iweze kutumia petroli dhaifu, ikawa 365. Mwaka 1972, kwa kipimo kipya, 235. Mwaka 1976, baada ya sheria za moshi kuzidi kuibana, 190. Lita 8.2, farasi 190.

Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama mbele ya Eldorado yenyewe, nyeupe, ndefu, isiyo na paa, na nikafikiria Land Cruiser zetu zenye mkonga zinazobeba wagonjwa, polisi na watalii. Injini yake iitwayo 1HZ ni ya dizeli, lita 4.2, haina turbo, farasi kama 130. Kwa kila lita ya ukubwa inatoa farasi 31. Cadillac ya 1976 ilitoa 23. Gari ambalo kwetu tunaliona zito na gumu, gari la hospitali ya wilaya, limeishinda ile ya wacheza sinema wa California.

Nyuma ya viwanja, mahali ambapo watazamaji hawafiki, ndipo nilipokuta jambo lililonivutia kuliko Chevelle yenyewe. Mengi ya magari haya hayakufika pale kwa magurudumu yake. Yaliletwa juu ya matela, na matela yalivutwa na pikapu. Zilikuwa zimepangwa kwa safu, Ford F-150 kwa wingi, Chevrolet Silverado, Ram, hakuna aliyezifungua boneti wala aliyezipiga picha. Nilifungua mlango wa mazungumzo na kijana mmoja aliyekuwa anakula soseji amekaa kwenye bodi la F-150 yake. Injini gani? Akafikiri kwanza. "Two point seven," akasema. Lita 2.7, silinda sita, turbo mbili. Farasi wangapi? Alilazimika kutazama simu: 325.

Farasi hao 325 wamepimwa kwa kipimo cha ukweli, utumbo umekwisha kutoka. Injini ni ndogo kuliko theluthi mbili ya ile ya Land Cruiser yetu, na pikapu yenyewe ina tani mbili hivi. Kibandiko ambacho sheria ya Marekani inataka kiwe kwenye kioo cha kila gari jipya kiliahidi maili kama 22 kwa galoni kwa kuchanganya mjini na barabara kuu, yaani kilomita tisa na zaidi kidogo kwa lita. Zaidi ya mara mbili ya Chevelle.

Kijana alikuwa na la kuongeza. Alisema kibandiko kinasema kweli siku ambazo havuti kitu. Asubuhi ile, akiwa na tela na Mustang ya baba yake juu yake, kompyuta ya dashibodi ilimwonyesha maili 10 kwa galoni. Nikarudia namba hiyo kwa sauti. Ni ile ile ya mzee wa Chevelle.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya farasi wa zamani na wa sasa. Injini kubwa ya kabureta ina silinda nane zinazonyonya muda wote, na dereva akitaka mwendo wa pole huziba tu koo la hewa, injini ikahangaika kuvuta pumzi kupitia tundu dogo. Farasi wote wako macho na wote wanakula, hata gari likiwa limesimama kwenye taa. Injini ndogo ya turbo huwaacha wengi wamelala. Mguu ukiwa mwepesi ni injini ya lita 2.7 na inakula kama injini ya lita 2.7. Mguu ukizama, turbo inasukuma hewa ndani, injekta zinapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, na farasi wanaamka kwa pamoja, wakiwa na njaa. Gia nazo ni kumi. Chevrolet nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na gia otomatiki iliyoitwa Powerglide, yenye hatua mbili tu kwa kwenda mbele: moja ya kuondokea, na moja ya maisha yako yote.

Mjini Dearborn, pembeni mwa Detroit, liko jumba la makumbusho la Henry Ford na kijiji chake cha Greenfield, ambako mgeni hupandishwa Ford Model T akazungushwa. Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1908. Unakaa juu, wazi, vumbi na upepo usoni, na injini inatetemesha meno. Ni ya lita 2.9, kubwa kidogo kuliko ile ya kijana wa soseji, na inatoa farasi 20. Kutoka hapo mabasi huwapeleka wageni kwenye kiwanda cha Rouge, jirani tu, ambako unasimama kwenye ujia wa juu ukitazama F-150 zikiunganishwa, mabodi ya alumini yaking'aa kabla hayajafungwa milango. Katikati ya kijiji na kiwanda, injini haijaongezeka ukubwa na farasi wamezidi mara 16.

Mafuta hayakufuata hesabu hiyo. Ford walisema Model T ilikwenda kati ya maili 13 na 21 kwa galoni, yaani kilomita tano na nusu hadi tisa kwa lita. Pikapu mpya imezipita kidogo tu. Ujuzi wote wa miaka 100, kompyuta, turbo, alumini, gia kumi, umelipia uzito, kiyoyozi na farasi, na chenji iliyobaki ndiyo ikaenda kwenye mafuta.

Serikali yao inaweka rekodi, kwa hiyo mambo haya yanaonekana wazi. Mwaka 1975, baada ya Waarabu kuzuia mafuta na Wamarekani kupanga foleni vituoni, gari jipya la wastani lilikwenda maili 13.1 kwa galoni likiwa na farasi 137. Bunge likapitisha sheria ya kubana ulaji wa mafuta mwaka huo huo. Kufikia 1987 wastani ulikuwa maili 22 na farasi wameshuka hadi 118, na gari limepungua uzito kwa karibu kilo 400. Halafu mafuta yakawa rahisi tena. Mwaka 2004 farasi walikuwa 211 na wastani umerudi nyuma hadi maili 19.3. Sasa farasi wamepita 250 na wastani uko kwenye maili 26 na zaidi, magari ya umeme nayo yakiwa yamehesabiwa humo. Sheria ile ililegeza masharti kwa pikapu, kwa kuwa wakati huo pikapu ilikuwa chombo cha mkulima na fundi. Leo F-Series, ukoo wa F-150, ndiyo inayouzwa kuliko zote, na niliziona zimeegeshwa mbele ya maduka makubwa, bodi tupu, safi, limefunikwa turubai. Kwetu pikapu ikionekana tupu barabarani watu huipungia mkono. Bodi la Hilux limezoea matenga ya nyanya, mabati, magodoro ya bwana harusi, kwaya nzima inayokwenda msibani.

Hilux yenyewe niliitafuta Michigan sikuiona. Sababu niliyoelezwa nilidhani ni mzaha mpaka nilipoisoma: kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ulaya iliweka ushuru mkubwa kwa kuku wa Marekani, Ujerumani Magharibi na Ufaransa zikiwa mbele. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwenye wanga wa viazi, brandi na malori madogo kutoka nje, akizilenga hasa pikapu za Volkswagen. Ushuru wa vingine uliondolewa. Wa pikapu ungalipo. Toyota wakaamua kuunda huko huko Amerika pikapu nyingine, Tacoma, na Wamarekani wengi wamekua bila kulijua gari ambalo kwetu kila mtu amewahi kulidandia.

Mwenyeji wangu katika safari hii alikuwa shemeji, mtu wa Mwanza, anayeendesha lori kubwa kutoka Michigan kwenda majimbo ya kusini. Ndiye aliyenicheka niliporudi kutoka Woodward na hesabu zangu. "Shem, umekwenda kutazama farasi wa maonyesho," alisema. "Njoo uone wa kazi."

Lori lake lina pua ndefu, kama karibu malori yote ya huko. Kwetu na Ulaya sheria hupima urefu wa gari zima, kichwa na tela, kwa hiyo dereva hukalishwa juu ya injini ili nafasi ibaki kwa mzigo. Marekani, tangu 1982, katika barabara kuu za taifa kinachopimwa ni tela peke yake, na kichwa kinaweza kurefuka hadi kutosha kitanda, jokofu na kabati la nguo. Shemeji ana sufuria yake ya ugali humo ndani. Injini imetengenezwa Redford, ndani ya viunga vya Detroit: Detroit DD15, dizeli, silinda sita, lita 14.8.

Nilimuuliza farasi. "Four fifty," akasema, na wala hakujua kwa nini nimesimama kuandika.

Farasi 450, sawa kabisa na Chevelle nyekundu. Farasi wa Chevelle huonekana injini ikizunguka mara 5,600 kwa dakika, ikilia. Hawa wa DD15 hupatikana kabla haijafika mizunguko 2,000, na barabarani inazunguka 1,100 au 1,200 tu, unaweza kuzungumza nayo bila kupaza sauti. Uzito unaoruhusiwa barabara kuu za taifa, lori na mzigo, ni ratili 80,000, yaani tani 36. Kwa uzito huo shemeji hupata maili kati ya 6 na 7 kwa galoni, chini kidogo ya kilomita tatu kwa lita. Chevelle ilipata nne na robo, ikiwa imebeba mzee, mkewe na kofia. Gari la tani moja na robo tatu. Dizeli ina nguvu zaidi kidogo kuliko petroli ndani ya lita moja, hilo likubalike, lakini halifikii kufuta tofauti ya namna hii. Injini ya lori jipya hugeuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 40 ya kilichomo ndani ya dizeli. Zile za kwenye maonyesho sehemu kubwa ya nguvu ya petroli yao ziliitupa nje kama joto.

Kampuni anayofanyia kazi shemeji inajua kila tone. Lori haliwezi kuvuka mwendo uliopangwa, kompyuta inaandika kila mara anapokanyaga kwa hasira, na mwisho wa mwezi dereva asiyekula mafuta hupewa nyongeza. Kwetu dereva wa masafa hukabidhiwa lita za safari, Dar hadi Tunduma, na kinachobaki kwenye tangi kimezaa hadithi nyingi pale Chalinze. Nilimsimulia akacheka. Alizijua zote.

Tukiwa tumesimama kupumzika likapita lori lililobeba kokoto, na magurudumu yake hayakuisha kupita. Shemeji alinisaidia kuhesabu ekseli: 11. Michigan, tofauti na majimbo mengi, inaruhusu ratili 164,000 ikiwa uzito umegawanywa kwenye ekseli hizo zote, karibu tani 74. Sheria ya Afrika Mashariki inakomea tani 56 kwa ekseli saba, nami nilikuwa nimeamini kwamba sisi ndio tunaozidisha. Lakini Michigan ni tambarare. Nilimwambia shemeji ningependa kuliona lile dude likipanda mlima Kitonga, likitoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu juu yake, kona baada ya kona, bonde upande wa pili.

Lori la shemeji lina gia 12 zinazojibadili zenyewe. Nikamuuliza angepanda Kitonga kwa ya ngapi. Alilitazama swali hilo kwa uzito kuliko nilivyotegemea, akaniuliza tani ngapi, na mvua au jua.

"Tani 36, jua."

"Ya sita," akasema. "Kama hakuna Fuso bovu limelala kwenye kona."